Role model wangu alikuwa yule mwanamke mbaya wa kwenye TV, na sijutii

Habari za jioni wakuu.

Nimesoma ule uzi wa wazazi wanaolalamika kwamba TV inaharibu watoto, nikaona nisilale nalo rohoni. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza. Anayetaka kubisha abishe, ila asome hadi mwisho.

Nimekulia Levolosi, Arusha, miaka ile ya tisini TV ndo zinaanza kuingia mitaani. Mtaani kwetu ilikuwepo moja, ya Mama Joji, Mchaga mmoja mwenye duka la vyombo. Ikizimwa inafunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Watoto tunavua kandambili mlangoni, tunakaa chini, ukipiga kelele unatolewa nje.

Jumapili jioni kulikuwa na mchezo wa kuigiza. Jina la mchezo limenitoka, ila mhusika mmoja hajanitoka mpaka leo. Aliitwa Bi Tabu.

Bi Tabu ndiye alikuwa adui wa mchezo. Mjane, ana malori, anaendesha mwenyewe, na mashemeji wakija kumpangia maisha anawajibu kabla hawajakaa. Mtaa mzima ulimchukia. Akitokea tu, kina mama wanasonya. Mama yangu ndo usiseme. "Mwanamke mwenye mdomo kama huu," alikuwa anasema, "mwisho wake mbaya."

Mimi nilikuwa namwangalia nasahau kupepesa macho.

Naomba mnielewe hapa. Baba alikuwa ameshafariki. Tulikuwa na shamba la kahawa na migomba huko juu Meru, mama analima kule huku tumepanga chumba mjini. Na kila uamuzi wa nyumba yetu ulitoka kwa kaka yake baba, yaani baba mkubwa. Akisema mbuzi auzwe, anauzwa. Mama jibu lake ni "sawa shemeji", basi. Sikuwahi kuona mwanamke anamwambia mwanaume hapana na dari isidondoke. Mara ya kwanza niliona kwa Mama Joji.

Nikamaliza darasa la saba, nikachaguliwa sekondari. Enzi zile kuchaguliwa haikuwa jambo dogo wakuu.

Baba mkubwa akatuita kwake baada ya ibada. Ndugu wamejaa, mtori wa ndizi upo, kila mtu ananipongeza. Kumbe!

Akasafisha koo, akasema bei ya kahawa imeanguka na ada ni ngumu, kwa hiyo kitakachopatikana kimsubiri mdogo wangu wa kiume. Mimi nitapelekwa Dar kwa binti wa shemeji yake, nikamsaidie kulea mtoto.

Wote wakaitikia. Mama akainamisha kichwa.

Nikasimama. Nikashika kiuno, nikatoa maneno ya Bi Tabu kama yalivyo:

"Shikamoo baba. Mimi si kiti, mnihamishe mnavyotaka. Siendi."

(Shikamoo niliongeza mimi. Bi Tabu hakuwa na muda huo.)

Kofi lililoshuka nililisikia hadi kwenye meno. Shangazi mmoja akadakia, "Hayo ndo mambo ya TV zenu za mjini!" Baba mkubwa akanyanyua mkono tena.

Hapo mama akainuka.

"Shemeji, usimguse tena." Hakupandisha sauti. "Ile kahawa naipalilia mimi, naichuma mimi. Mtoto atasoma."

"Nani atalipa?"

"Mimi."

"Ukishindwa usije kulia hapa."

"Siji."

Tukashuka mlima kwa miguu, mama mbele. Nikajua nikifika nyumbani na yeye atanichapa. Tulipofika barabarani akasimama, akaniangalia shavu, akasema, "Limevimba." Akanishika mkono. Nilikuwa binti mkubwa, alikuwa hajanishika mkono miaka mingi.

Msidhani baada ya hapo mambo yalikuwa matamu. Mama alibeba ndizi kichwani hadi shingo ikawa haigeuki vizuri. Ukoo ulitususa, kwenye misiba tunakaa pembeni kama wapita njia. Wapo waliosema mama amerogwa.

Nikiwa form one, likizo, mchezo ukafika mwisho. Waandishi wakampa Bi Tabu adhabu: malori yamekwisha, amepiga magoti, anawaomba radhi mashemeji huku analia. Sebule nzima ikapiga makofi. Mama Joji akanigeukia, "Umemwona rafiki yako?"

Nikamjibu, "Huo mwisho wameutunga wao, Mama Joji. Wa kwangu bado." Nikatoka kabla majina ya waigizaji hayajaanza kupita.

Leo ni injinia wa maji. Mlima huu nimeuzunguka hadi Oldonyo Sambu nikipima njia za mabomba, na mafundi wanaume nawasimamia mimi. Baba mkubwa alifariki bila kuniomba msamaha. Nilienda kumzika, nikalia kidogo, nikarudi kazini.

Sasa nyie mnaosema TV inaharibu. Sikatai, ujinga umejaa humo. Lakini mtoto hamchagui mtu wa kwenye TV kwa bahati mbaya. Anatafuta kitu ambacho kwao hakipo. Kwetu upendo ulikuwepo, kazi ilikuwepo, sala asubuhi na jioni. Kukataa ndo hakukuwepo, nikaenda kujifunza kwa jirani, kwa mwanamke wa kutungwa ambaye hata waliomtunga hawakumpenda.

Kwa hiyo kabla hujachomoa waya ukutani, muulize mwanao anampenda nani kwenye hiyo TV, na kwa nini. Jibu likikuuma, usiilaumu TV.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe utotoni ulimwiga nani? Na wale wa "watoto wa siku hizi", karibuni sana kwenye comments. Nipo, na siendi popote.