Kupe Kwenye Kunde za Abshiro

Habaryar Abshiro, mdogo wake mama yangu, alikuwa mwanamke wa ngamia. Namwandika kwa sababu watu wanamkumbuka kwa jambo moja tu, tena wanalisimulia vibaya, na mimi nilikuwapo.

Mwaka wa sitini na sita serikali ilitukusanya kijijini kando ya Tana, chini ya Garissa, tukazungushiwa miiba. Vita vya shifta, baina ya serikali na Wasomali waliotaka kujitenga, vilikuwa vimetumaliza. Ngamia kumi na mmoja wa Abshiro walipigwa risasi kisimani, na mumewe alikuwa amekwisha kufa. Kijiji kilinuka. Watu mia nane, choo kimoja, nzi wanaingia mdomoni pamoja na chai. Nikiikumbuka harufu ile natema mate hadi leo.

Bwana shamba alimpa kila mjane kipande cha ardhi mtoni na kikombe cha mbegu za kunde. Sharti lilikuwa moja: shamba litakalokaguliwa baada ya miezi miwili likakutwa halina kitu, anapewa mwingine. Abshiro alikuwa na mabinti wawili wa kulisha. Bila kunde zile angebaki kungoja unga wa msaada, uliojaa funza.

Kulima kulimchukiza. "Mimi nishike matope kama mtu wa Daua?"

Mtu wa Daua alikuwa jirani yake wa shamba, mzee Kulow wa Rhamu, kando ya mto Daua, aliyekwama kwetu vita vilipoanza. Watu wa kwao wanalima mtoni tangu mababu, na sisi wafugaji tuliwadharau. Nasema ukweli hata kama unaniaibisha.

Wiki ya tano Abshiro aling'oa mkunde mmoja aone kama unakua. Akapiga kelele. Mizizi ilikuwa na vinundu vilivyosongamana kama kupe kwenye sikio la mbuzi. Akakiminya kimoja kwa kucha. Ndani kilikuwa chekundu.

"Damu! Astaghfirullahi, ardhi hii ina kupe!"

Mwanamke aliyewatoa ngamia kupe tangu utotoni angefikiri nini kingine? Siku tatu tulifukua mizizi mstari kwa mstari, tukakwangua vinundu, tukapaka majivu, tukarudisha udongo. Vilipasukia chini ya kucha zangu, vyenye utelezi, na mkono ule sikuulia chakula siku mbili.

Tulikuwa tumefika nusu ya shamba. Wiki iliyofuata nusu ile ikawa ya manjano, kama macho ya mgonjwa wa ini. Kulow akaja na jembe lake begani.

"Abaayo, dada yangu, shamba lako lina nini?"

"Lina kupe. Nimewatoa nusu."

Alipoliona rundo la vinundu alicheka mpaka akakaa chini. "Kupe! Wewe umemkata ngamia chuchu ukidhani ni majipu!"

"Shika adabu, mzee wa matope."

"Nimeshika. Lakini tazama mwenyewe. Nusu uliyoitibu inakufa, nusu uliyoiacha ni kijani. Vinundu hivyo ndivyo vinavyoulisha mkunde. Kwetu tukimaliza kunde tunapanda mtama palepale, na unarefuka kumshinda mtu."

"Kupe gani anamlisha ngamia?"

"Ndiyo maana nakwambia si kupe!"

Mjukuu wangu Nimo, mwalimu wa sayansi, ananieleza kwamba ndani ya vinundu vile wanaishi bakteria wa udongoni. Mmea unawapa sukari, nao wanachukua naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Wekundu ule ni dalili kwamba wanafanya kazi. Viumbe hai, maelfu kwa maelfu, ndani ya kitu nilichokipasua kwa kucha! Ningeshukuru kama asingeniambia.

Abshiro hakuigusa nusu iliyobaki. Siku ya ukaguzi alikuja Guleid, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, pamoja na askari wawili. Shemeji yake Guleid alilitamani shamba lile, na sote tulijua. Akaona manjano, akatabasamu. Akang'oa mkunde wa kijani, akatazama mizizi. Naye ni mfugaji.

"Kupe! Shamba zima lina ugonjwa. Ng'oeni zote, apewe mwingine."

Askari mmoja akainama. Abshiro akampokonya Guleid ule mkunde, akachuma kinundu kinene, akakitia mdomoni na udongo wake, akatafuna. Machozi yalimtoka. Akatoa ulimi watu wauone.

"Guleid, unajua mimi ni binti wa nani. Kupe ni haramu. Damu ni haramu. Umewahi kusikia nimekula haramu? Haya, chukua na wewe utafune, kisha uape wallahi mbele ya hawa kwamba ni kupe."

Akamnyooshea kinundu kingine, kimeshikamana na tope. Guleid akarudi nyuma, kiganja puani. Askari wakacheka. Hakutafuna, hakuapa, na shamba likabaki la Abshiro. Wanaosimulia kwamba alikula kupe hawakuwapo. Mabinti wake walikula kunde zile mpaka mvua. Mimi sikuonja hata moja.

Walipoondoka alitapika nyuma ya miiba, nikamshika kichwa.

"Habaryar, vina ladha gani?"

"Ladha ya Guleid," akasema, akatema tena.