Mhesabu Bisi wa Glendale

Filamu elfu moja na mia tatu zimepita mgongoni mwa Vahram Kasparian, naye hajaona hata moja. Usicheke kwanza, mwenyewe keshajicheka vya kutosha. Kule Los Angeles, kabla filamu haijatoka, watu huitwa ukumbini waitazame bure, na Vahram hulipwa na wenye filamu kuwatazama wao. Hukaa kiti cha pembeni mbele kabisa, kaipa skrini mgongo, pamba masikioni. Pamba hiyo ni sheria yake mwenyewe. Eti sauti tamu ni rushwa, na hakimu hali rushwa.

Lakini kwa kusoma watu, usimchezee. Goti likianza kutikisika, hesabu dakika tano, mwenye goti atakwenda chooni. Mkono wenye bisi ukiganda njiani kabla haujafika mdomoni, filamu imemnasa mtu. Akianza kuchagua punje moja moja, imemponyoka. Yote huyaandika kwenye daftari, dakika kwa dakika. Siku moja mkewe, Sirvart, alimwuliza filamu ya jana ilihusu nini. Akajibu ilihusu dakika mia na kumi na safari ishirini na sita za chooni. Tangu hapo bibi wa watu hakuuliza tena. Vahram hujiita bingwa wa sinema asiyejua sinema, halafu anacheka peke yake.

Binti yao, Talin, ndiye aliyeingia kwenye sinema kwa mlango wa mbele. Miaka mitatu alikuwa akimpiga picha za filamu bibi yake, Arshaluys, mama mzazi wa Vahram, aliyefariki vuli iliyopita. Siku za mwisho za bibi, Talin ndiye aliyekaa kando ya kitanda. Na Vahram je? Alikuwa kazini, akihesabu magoti ya watu. Hilo halimchekeshi, na hulitaja mara chache sana.

Filamu hiyo ya bibi ilipokamilika, Talin alikodi ukumbi mdogo pale Glendale, jirani na Los Angeles, Jumamosi mchana, akawaalika Waarmenia wenzao wa kanisani, watu mia na ishirini. Alimwambia baba yake kwamba neno lake ndilo analolingoja, akisema imekaa vizuri, ataipeleka kwenye majumba ya sinema. Akisema bado, ataikata upya. Vahram aliona fahari hadi kola ikambana. Akaingia na daftari lake, akakaa pembeni mbele kabisa, akawageukia watu, akatia pamba.

Mazoea yana taabu jamani! Hata hakuwaza.

Watu walipotoka, Talin alimkuta anapanga karatasi. Vahram akamsomea hesabu kwa sauti ya daktari: vyoo vinne tu, simu mbili, na mwanzo mrefu kidogo, magoti yalikuwa yanacheza. Kisha akagonga daftari kwa kidole.

"Lakini hapa, mwanangu, dakika ya hamsini na tatu, usiguse kitu. Ukumbi mzima uliganda. Kuna mzee wa safu ya tatu alikuwa anakohoa tangu mwanzo, hapo kikohozi kilimsahau. Ishirini na mbili walilia. Sijawahi kuona. Umeweka nini hapo?"

Talin aliitazama pamba masikioni mwake.

"Bibi anazungumza na wewe, baba," akasema. "Siku mbili kabla hajafa. Anakuita kwa jina."

Vahram akatoa pamba, sikio moja, kisha la pili, kama kwamba bado kulikuwa na cha kusikia. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni.

"Kasema nini?"

"Waulize watu mia na ishirini," Talin akasema, machozi yanamlengalenga. "Wao walikuwa wanatazama." Akachukua mkoba wake akatoka.

Mzee wa safu ya tatu alikuwa bado nje, anangoja mwanawe alete gari. Vahram alimwendea, daftari kwapani, akamwamkia, akamwomba radhi, akamwuliza yule mama wa kwenye filamu alimwambia nini mwanawe.

Mzee alimshangaa. "Si ulikuwa umekaa mbele kabisa wewe?"

"Nilikuwa, mzee wangu. Nisaidie tu."

Mzee akakohoa, akajifuta mdomo kwa leso.

"Hakusema mengi, maskini. Alisema, 'Vahram, weka hilo daftari chini, unitazame kidogo.'"