Fundi Aliyeiongezea Kompyuta Kumbukumbu

Fundi wa kompyuta aliyekuja shamba la ngano la Basotu hakuwa na haraka hata ya kumeza chai. Kila alipotaka kuingiza mkono ndani ya mashine, kwanza aligusa chuma cha kasha la mashine hiyo, taratibu, kama anayebisha hodi. Mama Kornelia, mpika chai wa ofisi, alimkazia macho, maana kompyuta ile ingegoma tena kwa uhaba wa kumbukumbu, binti yake Hilaria, karani, angerudi kushona magunia.

“Fundi, hicho chuma unakiamkia?”

“Mama, mwili una umeme. Nisipouacha hapa, utaunguza kumbukumbu mpya.”

“Basi mimi usinishike, kumbukumbu yangu bado nzima!”

Fundi alicheka mabega yakatikisika, vidole havikutikisika. Akabana vipande vyeusi vya kumbukumbu mpya kimoja kimoja, akawasha. Namba za kuhesabu kumbukumbu zikaanza kupanda kwenye kioo, naye akazisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Zikafika pale zilipozoea kuishia, zikapita! Mtu mzima yule akaruka, kiatu kikamtoka. Mama Kornelia akapiga vigelegele hadi madereva wa matrekta wakaja kuuliza nani kaolewa.

“Hakuna aliyeolewa,” akasema, akamgeukia binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni. “Hilaria, kaa kwenye kiti chako.”