Seigneur wa Jengo Letu

Jumanne tulimzika jirani yangu, mlinzi wa mlango wa jengo letu hapa Hillbrow, mtaa wa wahamiaji. Presha ilimwondoa. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua nisivyowavumilia wanaopenda vyeo, na huyu alijipa cha ajabu kuliko vyote: alijiita seigneur, kama mabwana wa ardhi wa Ufaransa ya kale. Kwao Lubumbashi alifundisha historia. Hapa akawatawaza wapangaji: Mrundi mshona viatu akawa baroni wa ghorofa ya tatu, mama wa Tanga muuza sambusa akawa vidame, yaani naibu wa bwana, wa ngazi. Kila mpangaji alitakiwa kuunganisha viganja na kuviweka kati ya viganja vyake.

"Sema: niko mutu yako," alikuwa akiniambia. "Na miye nitasema: nimeisha kukupokea. Mubaya wako atapita kwangu kwanza."

Nilikataa miaka yote, nikimcheka. Kisha adhuhuri moja likaja kundi lenye marungu likisaka wageni. Nilikuwa ngazini nyuma yake. Alisimama mlangoni mikono mitupu, akawataja watu wake mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Kiongozi wa kundi akatazama ngazi iliyo nyuma yangu, macho yakihama polepole kama anayehesabu watu. "Sharp, baba, tunaondoka," akasema kwa sauti ndogo. Niligeuka. Ngazi ilikuwa tupu. Mpaka leo sipendi kuipanda peke yangu.

Zama zile za mabwana wa ardhi, bwana akifa, viapo vyote vilikufa naye mpaka mrithi avipokee upya. Baada ya mazishi, binti yake, mfanyakazi wa benki Sandton anayejua Kizulu kuliko Kiswahili, alikaa kupokea pole. Mama wa Tanga akaunganisha viganja. Binti akavifunika kwa vyake, vilevile kama baba yake, ingawa anaapa hakuwahi kuonyeshwa. Wengine wakapanga foleni bila kuambiwa.

"Eish, mama, mnanifanyia nini?" aliuliza, lakini viganja vyake vilibaki wazi.

Zamu yangu ilipofika nilitaka kumwambia akimbie. Mikono yake ilikuwa baridi. "Nimeisha kukupokea," akasema, kwa Kiswahili cha Lubumbashi ambako hajawahi kukanyaga, kisha akashtuka kama aliyesikia mtu mwingine akisema.

Nilidhani cheo ni kuinamiwa. Kumbe sisi tunaoinama ndio tunaochagua nani asimame mbele yetu marungu yakija. Nililijua hilo, na bado nikampa mikono yangu.