Nyumba ya Mukwe

Sipendi bantu benye kusema Paulin iko mujinga. Iko jirani yetu hapa Katuba, namujua: Muluba, Mukatoliki, soudeur, anaunganisha vyuma ya milango na madirisha. Mujinga ni ule patron yake. Alihamisha atelier, fasi yabo ya kazi, toka mujini mupaka Naviundu, ngambo ingine kabisa, bila kuongeza hata franga ya transport.

Mbele Paulin alikuwa anaenda kazi na miguu. Sasa ni taxi-bus mbili asubuyi, mbili magaribi, na mushahara ni ule ule. Kwake bakaanza kula mara moja kwa siku. Kuhama bote? Myriam, bibi yake, iko na meza yake ya samaki hapa sokoni, na batoto banasomea hapa.

Na kule Naviundu, karibu na atelier, njo kunakaa mama ya Myriam. Mujane, mama muzuri, nyumba kubwa. Lakini kwabo Baluba, mwanaume hawezi kulala mu nyumba yenye mukwe yake analala. Hata kula mbele yake, hapana. Kila magaribi Paulin alikuwa anapita pa mulango yake, anainamisha kichwa, anaenda kulipa taxi.

Yule mama njo alipata akili. Yeye atakuja kukaa Katuba na batoto, Paulin alale mu nyumba ya Naviundu mupaka mambo itengenezeke. Yoo, tulifurahi shiye bote! Transport ikaisha, bukari, ule ugali yetu, ikarudia mara mbili kwa siku.

Hakuna mwenye aliwaza siku ya Mungu, siku ya misa na ya kupumuzika. Paulin alifika kuona bibi na batoto, na mukwe iko ndani. Basi haingii. Bakamuwekea kiti inje ya nyumba yake mwenyewe, akakula pale, ba jirani tukiangalia pembeni. Magaribi akarudia kule, kulala yeye moja pa mukeka, sababu kitanda ya mukwe hawezi kuigusa. Ni vile kila siku ya Mungu, inapita mwaka sasa. Miye inaniuma roho, lakini ni mambo ya familia.

Juzi, pale pa kiti yake ya inje, alikusanya nguvu, akatuma Myriam aulize mama atarudia kwake lini. Mama akatokea pa mulango, macho chini, sauti ya upole.

"Mukwe wangu, uliteseka sana juu ya hii batoto. Ile nyumba ya Naviundu nakupatia. Miye nitazeekea hapa na Myriam na batoto."

Mukwe akikupatia kitu, hauwezi kukatala. Paulin akashuka pa kiti, akapiga magoti, akapiga makofi vile inafaa, akasema asante mama.