Risasi ya Kwanza

Mpimaji wa uwanja wa shabaha pale Idaho hakuwa mtu wa haraka. Alipima kelele ya kizuia sauti cha bastola kikiwa kirefu, akakifungua kipande cha mbele kiwe kifupi, kisha akakipungapunga hewa mpya iingie ndani, ndipo akapiga risasi tena. Corliss, aliyekiunda, alitazama roho juu: kila mara risasi ya kwanza ilishinda zilizofuata kwa kelele.

"Hiyo usiihesabu, bwana. Ni hewa ya ndani tu inawaka na baruti; ikishaungua, zinazofuata hutulia. Wenzako huanza na moja ya bure, isiyopimwa."

Mpimaji alimgeuzia sikio la kulia. "Sema tena."

Corliss akarudia.

"Hili la kushoto," mpimaji akasema taratibu, akiligusa, "lilikufa kwa risasi moja. Ya kwanza."

Akakipungapunga tena.