Nilimpa Msafiri Pikipiki ya Mama

Kosa ni langu, sitafuti wa kumsingizia. Ningependa kuilaumu mvua, lakini mvua haikunishika mkono.

Niliacha shule kidato cha pili. Tangu hapo nimebeba mizigo bandarini Bukoba, nimevua dagaa visiwani, na kila nikimwona mtu wa mbali namuuliza kwao wanakula nini. Ndoto yangu ilikuwa moja: kufika Mbeya kwa pikipiki, kupitia Kigoma na Katavi.

Pikipiki ilikuwepo nyumbani, karibu na Rubya. Ndogo, cc 125, mama aliinunua kwa kahawa ya kibanja chake. Kadi aliiandikisha kwa jina langu, kwa kuwa aliniamini. Nilikuwa nampeleka nayo kanisani na kliniki ya presha, amekaa upande kama wanavyokaa akina mama wa kwetu, gauni limefunika magoti. Mimi niliiona ya kubebea ndizi tu. Safari ndefu, niliamini, inataka mashine nzito yenye mngurumo wa kutoa watu ndani.

Masika yakamleta msafiri kutoka Moshi. Alikuwa amechepuka kutazama vijiji, sasa pikipiki yake kubwa imelala topeni na yeye amekaa kando yake kama mfiwa. Tuliinyanyua watu wanne. Alikuwa anaelekea Kigoma, na aliitazama yetu kwa jicho ambalo ningepaswa kulitilia shaka.

Akapendekeza tubadilishane, kadi kwa kadi. “Ndugu yangu, mtu mrefu kama wewe anaonewa na hicho kipikipiki.”

Nami nikamhurumia, nikakubali! Nilidhani nimempunja mtu wa Moshi.

Mama aliporudi kutoka shambani aliizunguka ile mashine taratibu. Kiti kilimfika kifuani. Nikaleta kigoda, akapanda, akajaribu kukaa upande, mguu ukakosa pa kukanyaga. Nikathubutu kumwambia akae kama vijana. Nilimwambia mama yangu atanue miguu mbele ya majirani!

Akashuka, akauliza ile yetu iko wapi. Nikamweleza habari za safari ndefu na nguvu ya injini. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Waitu,” alisema, kama Wahaya tunavyosema tukiumia, “kwa hiyo miguu yangu umempa mgeni.”

Na safari yangu? Waya wa klachi ulikatika kabla sijafika Muleba mjini. Bukoba nilizunguka maduka yote ya vipuri. Mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa pale pale, alinipa pole na chai, akasema labda Dar. Mashine iko migombani, kuku wanalala juu yake.

Yule wa Moshi alinitumia picha. Yuko Mbeya. Ananishukuru sana, anasema kipikipiki hakijamsumbua hata siku moja.

Wewe unayechagua pikipiki ya kwenda mbali, usianze na ukubwa wa injini. Ilaze kwenye tope, uone kama utaiinua peke yako. Kisha jiulize unayoitoa ni ya nani, na nani atabaki njiani.

Mama sasa anapelekwa kliniki na jirani mwenye bodaboda, ndogo, cc 125. Juzi niliomba nimsindikize hata kwa miguu. Akanijibu kwa upole kwamba amekwisha kupata wa kumpeleka. Yule jirani mama anamwita “mwanangu”. Mimi siku hizi ananiita kwa jina.